Barua za Jumapili

Barua zilikuwa mbili. Mzee Nazir alizilaza mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayepanga vipande vya kioo kilichovunjika, kisha akazisukuma upande wa pili.

"Soma, Inspekta."

Jelagat alikuwa amekivua cheo hicho Nakuru miaka kumi na mmoja iliyopita. Tangu ahamie Birmingham kazi yake ilikuwa kuchunguza madai ya uongo katika kampuni ya bima. Lakini Mzee Nazir, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa na miaka sabini na minne na goti bovu, hakukubali kumwita kwa jina jingine lolote.

Barua ya kwanza ilikuwa na tarehe ya wiki mbili zilizopita. Iliwaarifu wanachama wote wa Umoja wa Afrika Mashariki kwamba duru ya pili ya uchaguzi wa mwenyekiti ingefanyika Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, katika ukumbi wa Umoja, Sparkbrook. Ya pili ilikuwa na nembo ileile, muhuri uleule, saini ileile ya Nazir bin Yusuf, msimamizi wa uchaguzi. Saa zilikuwa zilezile na ukumbi uleule. Siku tu ndiyo iliyobadilika. Uchaguzi, ilisema, umesogezwa hadi Jumapili.

"Ya kwanza ni yangu," alisema Nazir. "Ya pili nimeiona jana magharibi kwa mara ya kwanza. Muuguzi mmoja alinipigia kunishukuru kwa kusogeza siku. Kunishukuru!"

"Na leo ni Alhamisi."

"Leo ni Alhamisi. Kesho kutwa watu wanapiga kura."

Jelagat aliinua bahasha ya barua ya pili kwenye mwanga wa dirisha. Nyeupe, ya kawaida. Jina na anwani vilikuwa vimechapwa kwenye kibandiko. Muhuri wa posta ulikuwa wa Jumatatu.

"Zimetumwa ngapi?"

"Hatujui. Nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp, mpaka sasa wamejitokeza ishirini na tisa. Lakini nusu ya wanachama walishatoka kwenye lile kundi kwa sababu ya matusi ya duru ya kwanza. Na waliobaki sasa wanagombana, barua ipi ni ya kweli. Wengine wanasema ya Jumamosi ndiyo ya uongo." Alijifuta jasho kwenye kipara, ingawa chumba kilikuwa baridi. "Tukikosea hapa, Inspekta, tumekwisha."

Hakutia chumvi. Mwenye jengo alikuwa amewapa mpaka Jumatatu saa nne. Mwenyekiti aliyechaguliwa kihalali angefika kutia saini mkataba mpya wa miaka ishirini, au ukumbi ungepewa watu waliotaka kuufanya mahali pa mazoezi ya kunyanyua vyuma. Katika ukumbi huo ndimo Waafrika Mashariki wa jiji zima walimofanyia matanga na harusi zao, ndimo watoto waliozaliwa huku walimofundishwa Kiswahili kila Jumamosi, wakielewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Duru ya kwanza haikumpata mshindi. Solomon, mwenyekiti anayemaliza muda wake, alipata kura mia moja ishirini na moja. Milka, makamu wake, mia moja na kumi na nane. Wa tatu akaambulia arobaini. Hakuna aliyevuka nusu.

"Karatasi hizi za nembo zinakaa wapi?"

"Kabatini, hapo nje, pamoja na muhuri wa saini yangu. Ufunguo ninao mimi, Solomon, Milka, na katibu wetu Ushma."

"Kumbe muhuri wa saini yako unakaa nje."

Nazir aliinamia goti lake, akalisugua.

Jelagat aliomba jalada la uchaguzi. Alilisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa: orodha ya wanachama, hati ya matokeo, kumbukumbu za mkutano wa kamati uliopanga tarehe ya duru ya pili. Kumbukumbu hizo zilikuwa fupi na safi. Mstari mmoja ulisema: *Katibu aliomba kusema jambo kuhusu tarehe. Mwenyekiti wa kikao alimtaka aendelee kuandika.* Aliupita, akaendelea na orodha.

Alipotoka, Ushma alikuwa kwenye meza yake karibu na mlango, simu ya Umoja sikioni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mhindi wa Nakuru, miwani imening'inia kwa mkufu kifuani. "Hapana, dada, sijui bado," alikuwa akimwambia mtu. "Nisubiri. Tafadhali nisubiri." Alimtazama Jelagat akipita, akainamisha kichwa.

*

Karatasi zote za Umoja zilichapwa na Sylvestre, Mkongomani mwenye duka la uchapaji hatua mia mbili tu kutoka ukumbini, kwenye Ladypool Road. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo, na alipoiona barua aliishika kama daktari anayeshika ulimi wa mgonjwa.

"Nembo ni yangu, mama. Hii rangi ya kijani niliichanganya mwenyewe. Lakini maneno, non. Maneno hayakutoka kwangu."

"Unajuaje?"

"Pitisha kidole." Alilamba kidole chake na kukipitisha juu ya neno Jumapili. Wino ukaenea kidogo, kama wanja wa mtu aliyelia. "Unaona? Hii ni machine ya wino wa maji, ile ya nyumbani, ya watoto kuprinti homework. Mi sinaga vile hapa."

"Karatasi za kura je?"

Uso wa Sylvestre ulibadilika. Aliufunga mlango wa duka kwanza, akageuza kibao. Karatasi za kura zilikuwa nyuma, ndani ya boksi lililofungwa kwa utepe wenye saini za mawakala wa wagombea wote wawili. Jelagat alichunguza utepe huo kwa tochi ya simu, pembe zote nne. Haukuguswa.

"Zote mia nne?"

"Mia nne na hata moja zaidi hakuna. Mama, tangu jana sijala vizuri. Kwetu, uchaguzi ukiharibika, mwenye kuprinti ndiye anakamatwaga wa kwanza."

"Huku hukamatwi kwa sababu ya kuchapa."

"Ndiyo wanasemaga," alijibu Sylvestre, na akamfungulia ule mlango nusu tu.

*

Kila mtu kwenye kundi la WhatsApp alishajua mkosaji. Jelagat alisoma ujumbe zaidi ya mia mbili akiwa kwenye basi la kwenda Northfield. Hoja ilikuwa moja: waliotumiwa barua ni wauguzi na walezi wa wagonjwa, na wauguzi ni watu wa Milka. Wakija Jumapili watakuta mlango umefungwa na Solomon ameshaapishwa. Nani basi anafaidika?

Solomon alikuwa na shule ya udereva. Alimpokea ndani ya gari lake, lililoegeshwa nyuma ya maduka ya Northfield, lenye herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha mwanafunzi, kwa hiyo Jelagat alijikuta ameushika usukani.

"Funga mkanda," alisema Solomon.

"Hatuendi popote."

"Ni mazoea. Funga tu."

Aliufunga. Kwenye kioo cha kati aliona kiti cha nyuma, na juu yake rundo la karatasi zenye nembo ya kijani.

"Hizo karatasi ulizichukua lini, Bwana Solomon?"

"Jumatatu."

"Barua zilitumwa Jumatatu."

"Najua zilitumwa Jumatatu! Dunia nzima inajua." Alipiga goti lake kwa ngumi. "Ninamwandikia mwenye jengo. Nilitaka mkataba uwe tayari, yeyote atakayeshinda. Chukua, soma. Hesabu karatasi, chukua bahasha, chukua chochote."

Alizichukua. Barua kwa mwenye jengo ilikuwa pale kweli, imeandikwa nusu, kwa kalamu. Bahasha zilikuwa za kaki, zenye dirisha. Hakukuwa na hata moja nyeupe. Hilo peke yake halikumsafisha mtu; bahasha nyeupe zinauzwa kila duka. Jelagat akatoa orodha ya majina ishirini na tisa.

"Wapitie hawa. Niambie unaowajua."

Solomon aliipokea kwa kiburi cha mtu aliyeonewa, akavaa miwani. Kidole chake kilishuka taratibu. Kikasimama.

"Huyu Arnold ni shemeji yangu. Ndugu wa toka nitoke wa mke wangu. Anasukuma vitanda hospitalini." Kidole kikashuka tena. "Huyu ni wakala wangu wa duru ya kwanza. Na huyu... Madam, huyu alinifanyia kampeni na mvua ikinyesha. Hawa ni watu wangu."

"Watatu kati ya ishirini na tisa."

"Sikiliza. Mimi niliongoza kwa kura tatu. Tatu! Nizitupe kura za shemeji yangu? Na jioni nitakula chakula cha nani?"

Jelagat hakucheka, lakini aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake: *Haikupangwa kwa mgombea.*

"Uko na wasiwasi gani hasa?" aliuliza.

Solomon alitazama mbele, kwenye ukuta wa matofali ambao gari lilikuwa limeuelekea. "Kwamba nitashinda Jumamosi," alisema hatimaye, "na hakuna mtu atakayeamini."

*

Jelagat alimaliza nusu saa kwenye kituo cha basi, orodha ikiwa magotini. Aliwagawa watu wale kwa kila njia aliyoijua. Kwa mtaa, walitoka kila pembe ya jiji. Kwa nchi, Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongomani wawili. Kwa dini hivyohivyo. Wauguzi walikuwa wengi, ndiyo, lakini kulikuwa na dereva wa basi, mlinzi wa ghala na mpishi wa hoteli. Na wauguzi wengine chungu nzima, wafuasi sugu wa Milka, hawakupata barua yoyote.

Milka alimpigia katikati ya hesabu hiyo. Alikuwa msimamizi wa wodi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Jelagat, niambie ukweli. Ni Solomon?"

"Bado sijui ni nani."

"Kwa sababu wakili wangu yuko tayari. Nikisema neno moja, hakuna uchaguzi Jumamosi."

"Na Jumatatu hakuna ukumbi."

Nyuma ya Milka mashine fulani ililia mara tatu, ikaacha. "Unafikiri sijui?" alisema, na sauti ikapungua ukali. "Tangu jana sijalala. Una mpaka jioni."

Mtu aliyempigia Nazir kumshukuru aliitwa Rita. Aliishi Bordesley Green, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka hospitali alimokuwa na shifti za usiku wiki hiyo, na alimfungulia Jelagat mlango akiwa na kilemba cha kulalia kichwani na macho mekundu.

"Dada, karibu. Samahani, ndiyo nimeamka. Ama niseme sijalala."

Walikaa jikoni. Kwenye mlango wa friji ratiba ya shifti ilikuwa imebandikwa, imechorwachorwa kwa kalamu za rangi tatu.

"Nieleze mambo ya Jumamosi," alisema Jelagat.

"Jumamosi niko kazini, mchana kutwa. Nilikuwa kazini, nikatoka, sasa niko tena." Alicheka bila furaha. "Barua ya kwanza ilipokuja nikaona sitaweza kupiga kura. Nikahangaika wiki nzima, mpaka nikampata Mfilipino mmoja wa wodi yetu, akakubali tubadilishane. Unajua nilimpa nini? Krismasi. Mimi nitafanya Krismasi yake. Watoto wangu hawajanisamehe. Halafu Jumanne barua hii ikaja, eti ni Jumapili, na Jumapili niko ofu. Nikamshukuru Mungu. Nikamrudishia Mfilipino Jumamosi yake, na siku hiyohiyo akakata tiketi ya kwenda kwa dadake Cardiff." Alifungua mikono. "Basi. Nimebaki hivi."

"Huwezi kupata mwingine?"

"Bosi amesema nikitaja tena neno Jumamosi ataniandikia onyo."

Jelagat aliitazama ile ratiba kwenye friji muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza swali ambalo tangu asubuhi hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

"Nani katika Umoja alijua kwamba Jumamosi uko kazini?"

"Hakuna. Mimi siendi mikutano." Rita alifikiri. "Labda yule mama wa simu. Barua ya kwanza ilipofika nilipiga namba iliyo chini, nikauliza kama tunaweza kupiga kura siku nyingine. Akanipa pole, akaandika jina langu."

Nje, chini ya ukuta uliokinga upepo, Jelagat alimpigia Arnold, shemeji wa Solomon. Uko kazini Jumamosi? Ndiyo. Ulimwambia mtu? Nilipiga simu ya Umoja kulalamika. Alimpigia Balwinder, mama wa Kisikh wa miaka sitini na moja aliyekuwa akilea wazee katika nyumba ya wazee. Uko kazini Jumamosi? Sasa ndiyo, alijibu Balwinder kwa hasira. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa na nimeirudisha. Ulimwambia mtu? Simu ya Umoja. Alimpigia yule dereva wa basi. Alimpigia mpishi. Jibu lilikuwa lilelile, na kila lilipotoka Jelagat alijisikia baridi zaidi.

Halafu akakumbuka ule mstari katika kumbukumbu za kikao.

*

Ushma alikuwa bado mezani pake. Chai yake ilikuwa imepoa na kuweka utando.

"Dada Ushma, simu ya Umoja inapokewa na nani?"

"Na mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote, saa tatu mpaka saa nane."

"Naomba daftari la simu."

Ushma alivuta droo, akatoa daftari lenye jalada jekundu na kumpa. Hakuuliza la nini. Katika kurasa nne za mwisho kulikuwa na majina, kila moja na namba na maneno machache pembeni, na mbele ya kila jina alama ndogo ya penseli. Jelagat alihesabu. Arobaini na matatu.

"Ulijua nitaliomba."

"Nilifikiri ungeanza nalo asubuhi." Ushma alivua miwani. "Umechelewa kidogo, Inspekta. Nimekaa hapa siku nzima nikikungoja. Kila mlango ukifunguka moyo unaruka."

"Ni wewe uliyeziandika."

"Nyumbani, kwa printa ya binti yangu. Nikagonga muhuri wa Mzee hapa, mchana, yeye akiwa chumbani kwake. Nikazitia posta Jumatatu."

Jelagat alivuta kiti. Katika miaka ya polisi alikuwa amesikia watu wakikiri kwa machozi na kwa matusi. Huyu alikiri kama anayesoma kumbukumbu za kikao.

"Kwa nini?"

"Wewe hukuzipokea zile simu. Mmoja aliniambia, dada, tumekuja nchi hii kuwaogesha watu, na hata sisi wenyewe tukipanga jambo letu tunalipanga siku ambayo waogeshaji hawapo. Nimwambie nini? Nilimwambia pole. Watu arobaini na watatu niliwaambia pole." Alifuta kioo cha miwani kwa ncha ya mtandio. "Na haki yao ilikuwepo. Katiba, kifungu cha kumi na nane. Umekisoma?"

"Nakisoma sasa."

Jelagat alikifungua kwenye jalada. *Duru ya pili itafanyika ndani ya siku ishirini na moja tangu matokeo kutangazwa.* Alichomoa hati ya matokeo. Watu walipiga kura Jumamosi, lakini kulitokea ubishi juu ya kura saba, zikahesabiwa upya, na Nazir akatangaza matokeo kesho yake. Tarehe chini ya saini yake ilikuwa ya Jumapili.

"Kamati ilihesabu kuanzia siku ya kura," alisema polepole. "Kwa hiyo ikaona Jumamosi hii ndiyo siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho ni Jumapili. Nilinyoosha mkono kusema hivyo. Mzee akaniambia niendelee kuandika." Ushma alivaa miwani tena. "Nikafikiri, wakija watu arobaini na watatu Jumapili, wakasimama mlangoni na katiba mkononi, nani atawafukuza? Hawakuwa na cha kupoteza. Jumamosi wasingeweza kuja hata hivyo."

"Rita alikuwa ameweza."

"Nani?"

"Jina la kumi na moja katika daftari lako. Baada ya kuongea nawe alipata mtu wa kubadilishana naye. Alimpa Krismasi yake. Barua yako ilipofika akairudisha Jumamosi, na sasa haipatikani. Balwinder vilevile alikuwa na ruhusa. Hao ni wawili ninaowajua. Wengine sijawafikia."

Ushma aliliangalia daftari jekundu, mkono ukiwa mdomoni, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuwa mtu aliyefanya kosa.

*

Mzee Nazir alisikiliza yote bila kukatiza. Halafu alitaka polisi.

"Ameighushi saini yangu! Katibu wangu!"

"Ukitaka polisi nitawaita," alisema Jelagat. "Ripoti yangu itaandika jina lake na alichofanya. Itaandika pia kifungu cha kumi na nane, na tarehe iliyo chini ya saini yako, na kwamba alinyoosha mkono. Siwezi kuandika nusu, Mzee."

Nazir alikisoma kifungu. Akakisoma tena, kidole kikihesabu mezani, Jumapili hadi Jumapili. Aliketi, akanyoosha lile goti bovu mbele yake.

"Nilimwambia aandike," alisema. "Nilikuwa na njaa, nilitaka kikao kiishe."

Njia ilikuwa moja, nayo ilikuwa nyembamba. Katiba iliruhusu ratiba kubadilishwa kwa muda mfupi ikiwa wagombea wote wawili wataridhia kwa maandishi. Sanduku lifunguliwe Jumamosi kama ilivyotangazwa, lifungwe jioni, lifunguliwe tena Jumapili. Waliweka simu katikati ya meza, wakawapigia.

Milka alikubali kabla sentensi haijaisha. Solomon aliomba kwanza asomewe majina yote.

"Wengi wa hao ni wa Milka," alisema hatimaye.

"Wengi," alisema Jelagat. "Si wote. Na ukikataa, ushindi wako wa Jumamosi utapingwa Jumamosi hiyohiyo."

Walisikia taa ya kugeuzia gari ikigonga, tik, tik, tik.

"Sanduku litalala wapi Jumamosi usiku?" aliuliza Solomon.

Nazir alifumba macho kwa nafuu. "Stoo ya ukumbi. Makufuli mawili. Ufunguo mmoja kwako, mmoja kwa Milka."

"Na yule mama asiguse hata karatasi moja."

"Hatagusa."

Ushma alikuwa ameshaziweka funguo juu ya meza yake zilipomalizika simu hizo. Aliuliza kama yeye mwenyewe angeruhusiwa kupiga kura. Nazir alisema kamati itaamua. Alivaa koti, akaisogeza simu ya Umoja katikati ya meza, sawasawa, kama anayemkabidhi mtu mwingine mtoto. Ilianza kulia kabla hajaufikia mlango. Alisimama, mgongo umewageukia, akaiacha ilie, kisha akatoka.

"Tuwaandikie barua ya tatu?" aliuliza Nazir.

"Kwa posta haitafika, na nani ataiamini? Iandike, tutaipeleka wenyewe mlango kwa mlango." Jelagat aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Wanaofanya kazi usiku wangeondoka nyumbani baada ya saa moja. "Chukua koti, Mzee. Na mkongojo wako."

*

Walianzia kwa Balwinder, Bordesley Green, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na barabara kuu. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na sauti. Balwinder aliufungua mlango kwa upana wa mnyororo, akaipokea karatasi kupitia upenyo huo, akaisoma. Kisha akaingia ndani na kurudi na ile ya Jumapili, akaziweka pamoja chini ya taa ya ukumbi wake mdogo.

"Nembo moja," alisema. "Saini moja. Ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, ya tatu siku zote mbili. Ya nne itakuwa nini, Diwali?"

"Dada Balwinder, ni kweli safari hii," alisema Jelagat.

"Hata ile ilisema ni kweli."

Nazir alisogea mbele, hadi mwanga wa mlangoni ukamwangukia usoni. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kiparani. "Mimi ndiye Nazir wa hizo saini," alisema. "Nilikosea siku. Niliambiwa, sikusikiliza, na kwa sababu hiyo ukapoteza ruhusa yako. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuambia kwa mdomo wangu kwamba Jumapili mlango utakuwa wazi. Nitakuwa nimekaa pale mimi mwenyewe, tangu saa nne."

Mama yule alimpima kwa macho, kutoka kiparani hadi kwenye mguu aliokuwa akiusaidia kwa mkongojo.

"Umekuja mpaka hapa kwa mguu huo?"

"Ndiyo."

"Na kwa wengine?"

"Kwa wote."

Mnyororo ulitolewa. Balwinder aliikunja ile karatasi mpya mara mbili, akaitia ndani ya mfuko wa sare yake ya kazi na kuupigapiga mfuko kwa kiganja. "Jumapili natoka saa nane," alisema. "Nitakuja moja kwa moja, hivi nilivyo. Nikikuta kufuli, Mzee, nitalivunja."

"Livunje," alisema Nazir.

Walirudi kwenye gari la Mzee. Jelagat aliwasha injini, akaweka alama kwenye jina la Balwinder katika lile daftari jekundu, na kufungua ramani kwenye simu. Nazir alikuwa akihema. Vioo viliingia ukungu mara moja.

"Imebaki nyumba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Mzee aliangalia saa yake, akaufuta ukungu kwa mkono wa koti ili Jelagat aione barabara, na akavuta mkanda.